Mama Zimwi Alivyoachwa Mlangoni

Mimi sijawahi kuwa mtu wa kunyamaza, kwa hiyo nikilianza hili nitalimaliza. Watu wakisikia kwamba ugomvi mkubwa kuliko wote uliowahi kuingia nyumbani kwetu Njiro uliletwa na mchezo wa dadu, wanadhani kamari. Wee! Baba yangu mzee wa kanisa, Mlutheri wa Machame kabisa, kamari ingepitia mlango gani? Ulikuwa mchezo wa kukaa chini na kusimuliana. Dadu zilikuwepo, ndiyo, lakini kazi yake ilikuwa nyingine na nitaieleza.

Ilikuwa ile miaka ambayo maduka ya Arusha yalianza kujaa vitu na viwanda vya umma vilianza kuuzwa kimoja kimoja. Kiwanda alichofanyia Baba kazi ya uhasibu tangu ujana wake kilipata mwenyewe mpya, na mwenyewe mpya akaleta wahasibu wake. Baba akarudi nyumbani na kalenda za kiwanda zilizobaki stoo, rundo zima, makaratasi makubwa mazito ambayo nyuma hayajaandikwa kitu. Akafungua duka la vifaa vya ujenzi. Nyumba yetu yenyewe ilikuwa haijaisha. Ukuta wa nje ndio ulikamilika kwanza, kama ilivyo desturi ya Njiro, na saruji ya duka ikawa inalala kwenye banda la uani. Juu ya mifuko hiyo ya saruji ndipo tulipochezea.

Tulikuwa watatu. Kaka yangu, aliyekuwa amemaliza kidato cha sita na anasubiri matokeo. Mimi, nikiwa kidato cha pili, mdomo mrefu kuliko umri. Na rafiki yake Kaka waliyesoma naye, Mhindi wa hapahapa mjini, ambaye hata babu yake alizaliwa Arusha; kwao walikuwa na duka la vitambaa. Mjomba wake aliyekuwa anaishi ng'ambo ndiye aliyetuma lile boksi. Ndani mlikuwa na kitabu kinene cha Kiingereza na dadu ambazo hatujawahi kuziona: nyingine ina nyuso nne, nyingine nane, nyingine ishirini, imekaribia kuwa gololi.

Mchezo wenyewe ni hivi. Mmoja anakuwa msimuliaji, anaishika dunia nzima kichwani: milima yake, watu wake, mazimwi yake. Wengine kila mmoja ni mtu fulani ndani ya dunia hiyo. Msimuliaji anasema, "Mmefika mtoni, daraja limevunjika, mnafanyaje?" Wewe unasema unachofanya, unarusha dadu, dadu inaamua kama umefaulu au umeangukia majini. Basi. Hakuna mshindi, hakuna mwisho, na kila Jumamosi mchana mnaendelea pale mlipoishia.

Kaka ndiye alikuwa msimuliaji, na ndiye aliyekuwa anatafsiri kile kitabu, kwa sababu alisema kwa Kiingereza mchezo hauna ladha. Kitabu kilimwita msimuliaji bwana mkubwa. Kaka akakataa. "Nchi hii mabwana tulishawafukuza," akasema. "Niiteni Mwenyekiti." Jamani tulicheka! Lakini jina likakaa, na ukitaka kusema neno ilibidi uanze, "Ndugu Mwenyekiti, naomba kuchangia."

Halafu kulikuwa na lile jambo la wema na uovu. Kwenye kitabu kila kiumbe kilikuwa na alama yake: huyu mwema, huyu mwovu, huyu anafuata sheria, huyu ni wa vurugu. Kaka akakuna kichwa siku nzima akitafuta neno, mwisho akasema, "Msimamo." Ikawa ndiyo salamu yetu. Msimamo wako upi? Mimi nilichagua kuwa mwizi mwenye msimamo mwema, na Kaka akaniambia mwizi mwema yuko wapi, nikamfungulia ukurasa kwenye kitabu chake mwenyewe nikamwonyesha yuko. Rafiki yetu alichagua kuwa askari mfuata sheria, ambaye kijiji chake kilichomwa na mazimwi, naye akaapa kuyamaliza yote hadi la mwisho. Huyo kijana katika maisha ya kawaida hakuweza hata kumfukuza kuku.

Dunia yetu Kaka aliichora nyuma ya kalenda za kiwanda, akaziunga kwa gundi, akazibandika ukutani bandani. Katikati palikuwa na mlima uliobomoka ubavu mmoja kama Meru wetu. Kitabu kilisema dunia zimepangwa kwa tabaka, mbingu juu ya mbingu, kuzimu chini ya kuzimu, kila tabaka na mungu wake. Kaka akayachora maduara, moja juu ya jingine. Chini kabisa aliweka shimo la watu waliong'oa mashine za kiwanda cha umma wakaziuza kama vyuma chakavu. Hilo alilitunga mwenyewe na lilimfurahisha sana. Juu ya ardhi akaweka tabaka la wahenga, la mvua, la radi.

Lakini kwenye neno miungu akagoma. Sisi tumesoma kipaimara, amri ya kwanza tunaijua hata ukituamsha usingizini. Akawaita Wakuu. Mkuu wa Mvua, Mkuu wa Radi. Na lile duara la juu kuliko yote hakuliandika kitu.

"Hapo nani?" rafiki yetu akauliza.

"Hapo tunaacha," Kaka akasema. "Mungu hachorwi. Wala harushiwi dadu."

Yule rafiki akafikiri kidogo. Akasema kwao Mungu anachorwa tena kwa rangi nzuri, yuko hata kwenye kalenda ya dukani, karibu na meza ya kupimia vitambaa. "Lakini sawa," akasema, "nyumba yenu, utaratibu wenu." Likabaki jeupe.

Sasa nifike kwenye mazimwi, maana hapo ndipo mambo yalipo. Kitabu kilisema zimwi ana msimamo mwovu tangu kuzaliwa, na hawezi kubadilika. Jumamosi moja tulikuwa tumelifuata kundi la mazimwi hadi pango lao ubavuni mwa mlima, tumewashinda wapiganaji wao mlangoni. Mwenyekiti akasema, "Ndani kumebaki mama zimwi na watoto wake. Mnafanyaje?"

Tukabishana hadi koo zikakauka. Rafiki yetu akasema askari wake ameapa, kiapo ni kiapo. Nikamuuliza hata vichanga? Akasema kitabu kinasema ni waovu. Nikamwambia kitabu kinasema, wewe unasema nini? Akasema bibi yake anaamini roho hurudi, kwa hiyo zimwi wa leo pengine jana alikuwa mtu mwema aliyeteleza mahali, na kesho anaweza kuwa mtu tena. "Haya!" nikaruka. "Sasa unamkata kichwa jirani yako!" Akasema naye, na wewe mbona kanisani kwenu mnazaliwa na dhambi wote, tofauti yenu na zimwi ni nini? Aisee, alinishika. Nikasema sisi tunabatizwa. Akasema basi kabatize zimwi.

Kaka alikuwa anatusikiliza tu, ameegemea mfuko wa saruji. Nilimwona ameacha kukiangalia kitabu. Akasema taratibu, kwa ile sauti yake ya Mwenyekiti, "Mama zimwi anatoka nje. Hana silaha. Ana kitu mkononi."

"Kitu gani?"

"Jani."

"Jani gani?"

"Isale," akasema.

Kwa asiyetoka kwetu nieleze. Isale ni ule mmea wa majani marefu ambao vihambani, yaani kwenye mashamba ya ukoo kule Machame, umepandwa mipakani na penye makaburi. Ukimkosea mtu, kosa ambalo mdomo hauwezi kulibeba, unakata jani lake, unalifunga fundo, unampelekea mwenyewe mkononi. Aliyeletewa isale hakatai. Hata kama amemwaga damu ya ndugu yako, hukatai. Baba alitufundisha hayo tukiwa wadogo, Krismasi tulipokwenda nyumbani, akitutembeza mpakani mwa kihamba cha Babu. Huku Njiro watu wanaipanda getini iwe pambo, na fundi wa bustani anaikata kwa panga kama magugu.

Rafiki yetu naye alielezwa pale pale juu ya saruji. Akauliza, "Na kama huyo anayeleta ana msimamo mwovu?"

"Msimamo ni wa kabla hujaiona isale," Mwenyekiti akajibu. "Kwenye dunia yangu anayeletewa isale haruhusiwi kukataa. Awe mtu, awe zimwi, awe Mkuu wa tabaka lolote."

"Hiyo haimo kitabuni," nikasema, kwa kuchokoza tu, maana moyoni nilikuwa nimefurahi mno.

"Sasa imo. Lakini sitawalazimisha. Kukataa hamruhusiwi, ila kupokea ni mpaka unyooshe mkono mwenyewe. Yeye atasimama pale mlangoni. Jumamosi ijayo mtaniambia nani ananyoosha mkono." Tukafunga. Rafiki yetu akatia dadu zake mfukoni, kama alivyofanya kila mara, akaenda zake kwao.

Jumamosi hiyo haikuja. Jumapili, ibada ilipokwisha, Baba alibaki na wazee wenzake, na mmoja wao akawaeleza habari alizozisikia kwamba kuna michezo ya ng'ambo inayoingia nchini na mizigo, inafundisha watoto kuabudu mashetani. Baba akasikia neno dadu. Akakumbuka kelele za bandani. Akaja moja kwa moja, bado amevaa suti, mimi na Kaka tukiwa tunapanga saruji.

Alisimama mbele ya ukuta. Alisoma yale maduara kutoka chini kwenda juu, kidole kikipanda kama anavyokagua hesabu. Kuzimu, ardhi, wahenga, Mkuu wa Mvua, Mkuu wa Radi. Kidole kikafika juu, kikasimama.

"Na huku juu kabisa?" akauliza. "Huku yuko nani?"

Kaka akajibu, "Hakuna mtu, Baba."

Hakuna mtu. Yeye alikuwa na maana kwamba hatujamweka mtu pale, kwamba tumethubutu kila mahali ila pale. Baba akasikia mwanawe anamwambia mbinguni hakuna mtu. Niliona uso wake unavyobadilika. Nilitaka kusema, na mimi ninayesema siku zote, siku hiyo ulimi ulikauka kwa sababu sijawahi kumwona Baba vile. Alibandua makaratasi yote. Alichukua na kitabu. Akavitia kwenye pipa la takataka nyuma ya nyumba, akamimina mafuta ya taa, na kalenda za kiwanda chake zikawaka, upande mmoja jina la kiwanda na upande mwingine dunia ya Kaka.

"Umechoma dunia yangu," Kaka akasema.

"Dunia ni ya Bwana," Baba akasema.

Hapo Kaka angeweza kueleza. Neno moja tu! Lakini hawa wawili ni mtu mmoja aliyekatwa vipande viwili. Kiburi kilekile, taya lilelile. Kaka akaingia ndani, akatoka na begi, akaenda Kikwe kwa shangazi yetu aliyeolewa na Mmeru kule. Akawa analima nao mahindi na nyanya. Hakurudi, na Baba hakumtaja. Mezani kiti chake kiliachwa, na Mama akimaliza kusali alikuwa anakitazama.

Miezi ikaenda. Matokeo yakatoka, Kaka kafaulu, kapata nafasi chuo kikuu Dar es Salaam. Mtaa mzima ulikuja kutupongeza na Baba alipokea pongezi kama mtu anayepewa pole. Ikajulikana kwamba Kaka ataondokea hukohuko Kikwe, hapiti nyumbani. Sasa uelewe: kwetu mtoto haondoki safari kama hiyo bila baba yake kumwekea mkono kichwani na kumwombea. Si adabu tu. Akienda bila mkono ule, Mama alisema, anakwenda kama mtu asiye na kwao, na kitakachompata huko kitamkuta peke yake. Mama alikuwa halali. Mimi nilikuwa na hasira kiasi kwamba nilivunja sahani mbili wiki moja, na sikuzivunja kwa bahati mbaya.

Mama akaamua. Akaenda getini akakata jani la isale, akalifunga fundo, akanipa. "Mpelekee kaka yako. Alilete kwa baba yake. Yeye ndiye mdogo."

"Mama, kosa si lake!"

"Nimekuambia ni lake? Nimesema yeye ndiye mdogo. Nenda."

Nikaenda Kikwe. Nilimkuta Kaka kwenye nyanya, amekuwa mweusi kwa jua, mikono imekomaa. Alifurahi kuniona mpaka alipoona nilichobeba. Alilitazama lile jani, hakuligusa.

"Isale huibeba aliyekosa," akasema. "Nikiibeba nimekubali kwamba nilisema Mungu hayupo. Sikusema."

"Najua hukusema! Si umwambie?"

"Hakuniuliza." Kisha akaniuliza kama nimekula. Nililia njia nzima kurudi, nikiwa na jani langu limenyauka, abiria wenzangu wakidhani nimetoka kuzika.

Baba alikuwa barazani nilipoingia. "Shikamoo Baba," nikasema, nikapita. Akaniita. Alikuwa ameona nilichoshika.

"Hiyo isale imetoka wapi?"

Basi nikapasuka. Nilisema yote, nimesimama, jani mkononi, na wala sikuwa na adabu. Nikamwambia Mama aliituma na Kaka ameikataa na ana haki ya kuikataa. Nikamwambia habari za pango na mama zimwi na vichanga vyake. Nikamwambia hakuna shetani aliyeabudiwa bandani, ila kulikuwa na amri moja kubwa kuliko zote kwenye ile dunia, na amri hiyo ni isale, uliyotufundisha wewe Baba, mpakani mwa kihamba, na Kaka aliiweka juu ya Wakuu wote. "Na duara la juu tuliliacha wazi kwa sababu Kaka alisema Mungu hachorwi wala harushiwi dadu! Wewe umeuliza yuko nani, yeye amesema hakuna mtu. Ni kweli hakuna mtu! Ulitaka amweke mtu mahali pa Mungu?"

Mama alikuwa ametoka jikoni, amejishika mdomo. Nilisubiri kofi. Baba hakunyanyuka. Alivua miwani akawa anaifuta na shati, anaifuta tu.

"Alisema hachorwi?" akauliza.

"Ndiyo."

"Wala harushiwi dadu."

"Ndiyo, Baba."

Kesho yake alfajiri pikapu ya duka haikuwepo uani, na Baba hakuwepo, na hakumwambia mtu anakokwenda. Mama alidhani amekwenda kuomba ushauri kwa mchungaji. Alirudi mchana, viatu vina udongo mwekundu wa Machame, akapiga honi getini. "Njoo," akaniambia. "Twende Kikwe." Amevaa suti ileile ya Jumapili. Kwenye kiti katikati yetu kulikuwa na kitu kimefungwa kwa jani la mgomba.

Shangazi alitupokea kwa shangwe, chai ikaanza kuchemka. Baba akasema chai baadaye, mtoto yuko wapi? Kwenye nyanya. Akaenda hukohuko na suti yake, akikanyaga matuta, Shangazi na mimi nyuma. Kaka alituona, akainuka, akasimama na jembe.

Baba alisimama mwisho wa tuta. Akafungua lile jani la mgomba. Ndani mlikuwa na isale mbichi, ndefu, imefungwa fundo. Ile ya getini Njiro hakuitaka. Alikwenda kuikata kwenye kaburi la Babu. Akainyoosha kwa mikono miwili.

Shangazi akampigia Baba ukelele. "Kaka! Umerukwa na akili? Mzazi hampelekei mtoto isale! Wapi umeona!"

"Kwetu sijaona," Baba akasema, bila kugeuka. "Nimesikia kwenye dunia yake inaruhusiwa."

Kaka hakusogea. Alimtazama Baba, akanitazama mimi, akajua nimesema. Mimi nikawa nasema moyoni nyoosha mkono, nyoosha mkono, mjinga wewe, nyoosha. Baba alikuwa bado amenyoosha mikono, na mtu mzima mikono yake si ya kukaa hewani muda mrefu vile.

"Nilikuuliza swali nikasikia jibu langu mwenyewe," Baba akasema. "Nimekukosea, mwanangu. Nimeambiwa kukataa huruhusiwi. Lakini sikulazimishi."

Kaka akaangusha jembe. Akajifuta udongo suruali, mikono yote miwili, mbele na nyuma, akavuka matuta akaja akaipokea. Akapiga magoti palepale kwenye nyanya za Shangazi, na Baba akamwekea mkono kichwani, na sala ile sitaiandika hapa kwa sababu nusu yake ilikuwa Kichaga na nusu kilio. Shangazi alikuwa anasema "Mmevunja mila, mmevunja mila," huku anajifuta machozi kwa khanga.

Tulirudi Njiro sote watatu tumebanana kwenye pikapu, begi la Kaka nyuma. Tumeshapita Tengeru ndipo Baba akakohoa.

"Yule mama zimwi," akasema. "Mlimpokea?"

Mimi na Kaka tukatazamana.

"Hatukufika huko," Kaka akasema. "Ilikuwa tujue Jumamosi iliyofuata."

Baba aliendesha. Nilimwona anahesabu, kama mhasibu, kutoka Jumamosi ile hadi leo.

"Kwa hiyo miezi yote hii amesimama pale mlangoni," akasema. "Na watoto wake."

"Ndiyo, Baba."

Hakusimama nyumbani. Alipita njia ya mjini moja kwa moja hadi duka la vitambaa, akashuka, akaingia. Sisi tukabaki garini tumetoa macho. Rafiki yetu alipomwona alirudi nyuma hadi kwenye majora ya vitambaa, maskini, akidhani amefuatwa yeye sasa. "Shikamoo, anko," tukamsikia.

"Marahaba. Zile dadu unazo?"

Alikuwa nazo mfukoni. Jioni hiyo, jua halijazama, tulikaa bandani juu ya saruji bila kitabu na bila ramani, na Baba naye amekaa, suti imejaa vumbi la kijivu, Mama kasimama mlangoni na birika. Kaka alisafisha koo.

"Mama zimwi amesimama mlangoni mwa pango," akasema. "Ana isale mkononi. Mnafanyaje?"

Nilimgeukia rafiki yetu, maana kiapo kilikuwa chake. Naye alikuwa amefungua mdomo. Lakini Baba alikuwa ameshanyoosha mkono.